Naomba ushauri: mahari ya kwao niiteje kwa Kiswahili?

Wakuu habari za leo. Naandika simulizi ya sauti kuhusu mabinti wa kifalme wa Kijerumani walioolewa Uingereza miaka ya 1700 huko, sasa nimekwama kwenye neno moja tu, mahari. Kwetu mwanaume ndo anatoa, kwao ukoo wa binti ndo unatoa hela zinaenda upande wa bwana harusi, nikisema mahari msikilizaji ataelewa kinyume, nikisema zawadi inakuwa nyepesi mno maana ule ulikuwa mkataba kabisa wa kuandikiana. Nyie mngeiitaje?

La pili, nifungue na nani? Charlotte wa Mecklenburg-Strelitz kafika London 8 Septemba 1761, ana miaka 17, Kiingereza hajui, usiku huohuo akafungishwa ndoa na mfalme wa Uingereza, George III, ambaye hawajawahi kuonana, akaja kumzalia watoto 15 (kumi na tano jamani!). Au Caroline wa Brunswick, 1795, mchumba wake kumuona tu mara ya kwanza akaomba aletewe glasi ya brandi. Mi moyo uko kwa Caroline ila waifu anasema nianze na Charlotte. Narekodi Jumamosi.