Tupeane uzoefu: chujio lilikuumbua wapi?

Mkwe wa Pangani: Jana nimeona kifumbu sokoni nikacheka peke yangu kama chizi. Mwezi wa kwanza wa ndoa, ukweni Pangani, naambiwa "mwanangu, tuchujie tui." Mimi mtu wa Singida, tui nalijua la pakiti. Nazi imeshakunwa, iko kwenye sinia, kando kuna kimfuko cha ukindu kama soksi ya mzee. Nikajua cha kuwekea vitunguu! Nikachukua chujio la chai, nikajaza nazi, nikakandamiza na kijiko. Waya ukachomoka, mzigo wote chubwi kwenye sufuria ya wali. Mawifi kimyaa mkekani. Mama akachukua kile kifumbu, akajaza nazi iliyobaki, akakisokota kwa mikono miwili, tui zito likashuka kama maziwa. Hakusema neno. Tangu siku hiyo naitwa Bi Machicha. Leteni na zenu.

Kiazi Kitamu: Bi Machicha 😂😂 shikamoo.

Mzee wa Busati: Kifumbu usipokiosha na kukianika juani kinachacha. Mie natumia kitambaa.

Binti Unguja: Tui la kitambaa linanukia sabuni ya kufulia.

Mzee wa Busati: Kwani nani kakwambia ukifue pamoja na nguo za ndani?

Mjasiriamali: Blenda na chujio la waya, mmalize ubishi.

Binti Unguja: Blenda inasaga mpaka machicha yanapita, wali unatafunika kama mchanga. Endelea na ujasiriamali wako.

Utingo Mstaafu: Nyie mnalia na wali. 2009 tuko na lori la saruji tunapandisha mlima Kitonga. Huko chini tulinunua dizeli ya vidumu, bei ya kutupa, tukaichuja kwa fulana yangu na kujiona wajanja. Fulana inazuia majani, maji yanapita zake. Kona ya tatu gari likakohoa, likakohoa, likazima. Usukani mzito kama jiwe, nyuma yetu basi limejaa watu. Dereva akapiga kelele "GOGO!" Nikaruka, lori linarudi nyuma, nikasukumia gogo chini ya tairi, likaburuzika kidogo ndipo likashika. Miguu ikaniisha nguvu, nikakaa chini barabarani. Kufungua filta kwa chini: maji na tope jeusi, nusu kikombe. Lori jingine likatupa dizeli safi, tukapampu kwa mkono mpaka mapovu yakaisha. Dereva hakunisemesha mpaka Ilula.

Kiazi Kitamu: Mungu wangu. Na fulana?

Fundi Nozeli: Chai hiyo. Breki za upepo zinashika zenyewe upepo ukiisha, gogo la nini?

Utingo Mstaafu: Wewe umezijua gari juzi. Hendibreki yetu ilikuwa pambo.

Fundi Nozeli: Sawa mkuu. Ila wenye dizeli, mwageni maji ya filta kila asubuhi, msingoje mlima.

Nesi wa Zamu: Hiyo ya fulana ndiyo na maji ya kunywa. Kitambaa kinazuia takataka na wadudu wanaoonekana. Bangladesh walikunja sari kukuu mara nne, kipindupindu kikapungua karibu nusu, lakini hakikwisha. Chujeni kwanza, kisha chemsheni.

Mama Ndoo Mbili: Mimi nachemsha kwanza ndipo naweka kwenye ndoo ya mshumaa, lile chujio la udongo. Nimekosea?

Nesi wa Zamu: Hujakosea, mradi ndoo ya chini na bomba lake ni safi. Mshumaa usugue kwa brashi laini na maji, sabuni usiguse. Ukiona ufa, tupa.

Mjasiriamali: Weka shabu tu, tope lote linazama.

Nesi wa Zamu: Tope linazama, ugonjwa unabaki na wewe.

Mzee wa Busati: Sisi tumekunywa ya mtungi miaka yote na tupo.

Binti Unguja: Waliokufa hawana bando la kuja kubisha.

Mama Ndoo Mbili: Utingo, lile basi la nyuma lilikwepaje?

Utingo Mstaafu: Halikukwepa. Abiria walishuka wote, wengine kwa madirishani. Mama mmoja alisahau kuku.

Kiazi Kitamu: Bi Machicha, ule wali uliliwa?

Mkwe wa Pangani: Uliliwa wote. Baba mkwe akasema wa leo una vya kutafuna.