Maikrosfia zionekane kwenye skana: bariamu au iodini? Naomba ushauri

Jambo wandugu. Ninasoma kemia hapa Lubumbashi. Memwari yangu (tasnifu ya kumaliza masomo) ni juu ya maikrosfia za polima, zile chembe za mviringo ambazo daktari huzipitisha kwenye katheta (mrija mwembamba unaoingizwa mwilini) ili kuziba mishipa inayolisha uvimbe wa ini au fibroidi za kizazi.

Shida ni kwamba polima haionekani kwenye eksirei. Daktari huzichanganya na dawa ya kontrasti (majimaji yanayoonekana kwenye eksirei), lakini dawa hiyo husombwa na damu, naye habaki na njia ya kujua chembe zimetua wapi. Zikipotelea kwenye mishipa ya tumbo, mgonjwa anaweza kupata vidonda. Hilo linanisumbua sana.

Nimetia unga wa salfeti ya bariamu ndani ya chembe za alginati, polima ya jeli itokanayo na mwani. Kwenye skana zinang'aa vizuri mno, ila ndani ya sindano zinazama chini kabla sijasukuma, na nyingine zinapasuka nikizibana kwa kibano. Njia nyingine ni kuifunga iodini kwenye polima nyingine, polivinili alkoholi, isichomoke, lakini viyeyusho vyake kuvipata hapa ni kazi.

Je, niyafanye majimaji yanayobeba chembe kwenye sindano kuwa mazito zaidi, au niachane na bariamu? Aliyewahi kufanya chembe za maikroni 100 hadi 300 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), tafadhali anielekeze.