Mrejesho: vyanzo vya ripoti ya baiolojia nimevipata

Wadau nimerudi, mimi ndo yule niliyeuliza vyanzo vya ripoti ya baiolojia kuhusu usugu wa bakteria kwa antibayotiki navipata wapi. Aisee asanteni sana! Maktaba nilienda rafu ya 579 kama mlivyonielekeza, ndo namba ya vijidudu kwenye mpangilio wa Dewey (ule wa kupanga vitabu maktaba kwa namba za mada), nikakuta kitabu kimoja tu ila orodha ya marejeo kule nyuma ikanipa majina ya makala kibao nikaenda kuyatafuta PubMed Central, ile hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba na baiolojia, huko unasoma bure mwanzo mwisho. Google Scholar nayo (Google ya kutafutia makala za kitaaluma), ukibonyeza pale chini panapoonyesha nani kainukuu hiyo makala unaletewa tafiti mpya zaidi, hapo ndo nilipata vitu vya maana kabisa. Nimebakiza utangulizi tu.