Wahariri wa majarida ya taaluma za Kiislamu, mnawapa nani miswada yetu waitathmini?

Ndugu wanajukwaa, assalaam alaykum.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, ila nitajitahidi kila ninalolisema liwe na ushahidi wake. Mswada wangu kuhusu vitabu vya wakfu vinavyotunzwa katika nyumba za Ngamiani na Pangani, huku kwetu Tanga, umekataliwa na jarida moja la taaluma za Kiislamu ambalo sitalitaja, kwa kuwa ninavyosikia kwa wenzangu maradhi haya hayako kwake peke yake. Kukataliwa si hoja. Kila anayeandika hukataliwa. Hoja yangu ni kwamba nimekataliwa na watathmini wawili ambao ripoti zao zenyewe zinashuhudia kuwa hawaijui fani waliyopewa kuihukumu, na kwamba mhariri alizipokea ripoti hizo, akaziambatisha kwenye barua pepe ya mistari mitatu, akanitumia bila dalili yoyote kuwa alizisoma. Mswada niliutuma mwezi wa Shaabani. Ramadhani ikapita, mahujaji wakaenda na kurudi, na majibu yakanifikia Mfungo Sita.

Nianze na mtathmini wa kwanza. Katika mswada nilieleza kwamba pambizoni mwa nakala moja ya Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu cha fiqhi ya Kishafi, mwalimu aliyekuwa akiisomesha ameandika maelezo mengi aliyoyanukuu kutoka Tuhfatul-Muhtaj ya Ibn Hajar, ambayo ni sharhe, yaani ufafanuzi, wa Minhaj hiyo. Mtathmini akaandika, kwa uhakika wa kutisha, kuwa nimekosea kumnasibisha Ibn Hajar na sharhe ya fiqhi, kwa sababu Ibn Hajar ni mwanahadithi, mwenye Fathul-Bari, sharhe ya hadithi za Bukhari. Kijana yeyote aliyekaa darasa la fiqhi ya Kishafi msikitini, bila hata kukanyaga chuo kikuu, anajua kwamba wako akina Ibn Hajar wawili. Al-Asqalani, mwenye Fathul-Bari, alifariki mwaka 852 Hijria. Al-Haytami, mwenye Tuhfa, alizaliwa mwaka 909, mwenzake akiwa kaburini zaidi ya nusu karne. Na Tuhfa si kitabu cha kuokoteza, kwani pamoja na Nihaya ya ar-Ramli ndiyo tegemeo la mafakihi wa Kishafi wa zama za baadaye, wa Hadhramaut na wa pwani yetu pia. Jina kamili la al-Haytami nililiandika katika tanbihi. Hakuisoma tanbihi.

La pili ni zito zaidi, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Miongoni mwa vitabu hivyo mna hati ya wakfu ya mwaka 1310, ambayo ndani yake anatajwa liwali wa serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani. Mtathmini akaichukua 1310, akajumlisha 622, akapata 1932, kisha akanisomesha historia: kwamba mwaka 1932 Wajerumani hawakuwa tena watawala wa Tanganyika, kwa hiyo ama hati hiyo ni ya kughushi, ama mimi sijui kuisoma. Kweli, Waingereza waliutwaa mji wa Tanga mwaka 1916, na hilo halina mzozo. Lakini mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, pungufu ya wa Miladia kwa siku kama 11, na ndiyo sababu Ramadhani hutukuta mara wakati wa masika, mara wakati wa kaskazi. Miaka 33 ya Hijria inakaribia kuwa 32 ya Miladia, kwa hiyo hesabu ya kujumlisha tu haifiki popote. Mwaka 1310 uliingia Julai 1892, wakati Wajerumani wamekwisha kuuzima upinzani wa Abushiri, waliyemnyonga Pangani Desemba 1889, na wamekwisha kuweka utawala wao katika Mrima wote, yaani pwani yetu ya bara. Mzee aliyenifungulia sanduku la vitabu hivyo aliachiwa na baba yake, naye na babu yake, na kila tunapoonana huniuliza kazi imefikia wapi. Leo nimwambieje? Kwamba hati ya wazee wake imeitwa ya kughushi, katika jarida la taaluma za Kiislamu, na mtu asiyejua kugeuza tarehe ya Kiislamu?

Kisha yakaja ya viambatisho. Mtathmini huyo huyo alidai kwamba Kiarabu kilichomo kina makosa mengi ya tahajia, na kwamba maneno mengine hayana maana kabisa, akashauri nimtafute mtu wa kunisahihishia. Maandishi hayo si Kiarabu. Ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama ilivyoelezwa katika aya ya kwanza ya sehemu hiyo na katika maelezo ya kila picha, na hata herufi zilizoongezewa nukta ili zibebe sauti za p na v ambazo Kiarabu hakina zinaonekana waziwazi. Hii si siri iliyofukuliwa na mimi. Hemedi bin Abdallah al-Buhry, mshairi wa huku huku kwetu, alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kuutamalaki Mrima, na J. W. T. Allen akauchapisha mwaka 1955. Allen huyo huyo mwaka 1970 alitoa orodha ya maandiko ya mkono ya Kiswahili na Kiarabu yaliyomo katika maktaba ya chuo kikuu, Dar es Salaam. Mtu asiyewahi kusikia habari za hazina hii ana haki ya kutojua, ila hana haki ya kuwa hakimu wake. (Na kwa kuwa Allen aliandika 1307 Hijria katika anwani ya utenzi ule, kwa hesabu za mtathmini wangu vita vya Wadachi vilipiganwa mwaka 1929.)

Mtathmini wa pili, tofauti na mwenzake, Kiarabu anakijua na fiqhi anaijua. Kosa lake ni jingine kabisa. Kwa kuwa baadhi ya vitabu ni nakala za maulidi ya Barzanji, kisomo cha kuzaliwa kwa Mtume, aliandika karibu ukurasa mzima kuthibitisha kuwa kusoma maulidi ni bidaa, akataka niongeze aya ya kuwatahadharisha wasomaji, na akahitimisha kuwa mswada usiofanya hivyo haufai kuchapishwa. Sisi wa Tanga mzozo huu tunaujua, tumeusikia mimbarini na barazani, na wapo ndugu zetu wa pande zote mbili tunaowaheshimu kwa elimu yao. Lakini mswada wangu haukuuliza kama maulidi yanajuzu au hayajuzu. Umeuliza nani alivinakili vitabu hivyo, karatasi ilitoka wapi, nani aliviweka wakfu kwa msikiti gani, na wanafunzi waliosomea humo waliandika nini pambizoni. Mtathmini aliombwa apime ushahidi, yeye akatoa fatwa. Angekuwa ametoa fatwa ya kuunga mkono maulidi ningelalamika vile vile, kwani siku hiyo angekuwa ameupitisha mswada wangu kwa sababu isiyo ya kitaaluma.

Huyo huyo alinitaka pia nirejelee makala tatu za mwandishi mmoja, na hakuna hata moja inayogusa Afrika Mashariki. Mwandishi huyo ni nani, kila mtu akisie mwenyewe. Kamati ya maadili ya uchapishaji inayojulikana kwa kifupi COPE, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997 na ambayo majarida mengi hujigamba kuifuata, imeandika wazi kwamba mtathmini akubali kazi iliyo ndani ya ujuzi wake tu, na kwamba asimshurutishe mwandishi kurejelea kazi zake kwa ajili ya kujiongezea idadi ya marejeo.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba haya yanatendeka katika fani ambayo kukosoa wasomi ni elimu yake yenyewe. Wanahadithi walikuwa na jarhi na taadili, yaani kumtia mtu dosari au kumthibitishia uadilifu: walimpima kila mpokezi wa hadithi, wakaandika nani ni madhubuti na nani ni dhaifu, na majina ya wakosoaji wenyewe, kama Yahya bin Main, yakabaki vitabuni ili nao wapimwe. Wengi kati ya wataalamu wa fani hiyo walishikilia kwamba mtu aliyekwisha kuthibitishiwa uadilifu haangushwi kwa jarhi isiyofafanuliwa. Mkosoaji aseme sababu. Leo ripoti inasema tu kwamba mbinu ya utafiti ni dhaifu, bila kusema ni mbinu ipi na udhaifu wake uko wapi, na sentensi hiyo moja inatosha kuangusha kazi ya miaka.

Sitaki nieleweke vibaya kuhusu kuficha majina. Uwanja wetu ni mdogo, tunajuana, na mhadhiri kijana hawezi kumkosoa hadharani sheikh aliyemsomesha kisha akarudi kukaa naye baraza moja. Ufiche huo naukubali. Nakubali pia kwamba watathmini hawalipwi, kwani nami hutathmini miswada ya wengine usiku baada ya kazi bila malipo, na iliyo nje ya ujuzi wangu huirudisha siku hiyo hiyo. Kurudisha mswada usiouweza hakuhitaji posho. Huwezi kumwita sonara akague jahazi kama limekalafatiwa sawasawa, halafu likizama useme sonara naye alijitolea.

Ndiyo maana lawama yangu kubwa naielekeza kwa wahariri. Mtathmini hushauri, anayeamua ni mhariri, na ndiye anayejua jina la kila mmoja. Nilimwandikia mhariri wa jarida hili kwa adabu, nikamwekea tarehe za vifo vya akina Ibn Hajar wawili, jedwali la kulinganisha miaka ya Hijria na Miladia, na picha za hati. Akanijibu kwamba watathmini wote wawili wamependekeza kukataa na uamuzi ni wa mwisho. Hakukanusha hata nukta moja. Kama kazi ya mhariri ni kuhesabu kura mbili, basi bodi ya uhariri ya maprofesa waliopangwa majina kwenye jalada la ndani ni ya nini?

Mswada nimeupeleka kwingine, na safari hii katika barua ya maombi nimeomba mtathmini mmoja awe anasoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Wahariri mliomo humu, nijibuni mawili. Mmewahi kumrudishia mtathmini ripoti yake mkamwambia hii haikubaliki? Na mwandishi akileta ushahidi kwamba ripoti ina makosa ya wazi ya tarehe na ya majina, utaratibu wenu wa rufaa ni upi, na umeandikwa wapi?