Mrejesho: barua za wanafunzi kwa wazee wetu wa Mvumi

Habari zenu wadau. Niliwaomba ushauri kuhusu wanafunzi wangu wa darasa la tano kuwaandikia barua wazee wa kijijini, ambao wengi macho yamepungua nguvu. Mlisema herufi ziwe kubwa, na mtoto aisome barua mwenyewe mbele ya mzee. Tumefanya hivyo, asanteni sana.

Bibi mmoja aliulizwa hivi: "Shikamoo bibi. Mvua isiponyesha zamani mlikuwa mnakula nini?" Akamkalisha mtoto kwenye kigoda, akamweleza mlenda uliokaushwa na ugali wa uwele, kisha akaomba kalamu. Kumbe alipitia kisomo cha watu wazima miaka ya 1970! Jibu kaliandika kwa mkono wake, polepole, herufi moja moja, mtoto kamshikia daftari lisiteleze. Babu mwingine alisimulia mwaka 1973, Dodoma ilipoamuliwa kuwa makao makuu.

Wanaoniuma ni wasio na ndugu karibu. Wanauliza barua nyingine inakuja lini. Siku ya Wazee, Oktoba 1, ni mbali mno kwao. Tutaandika kila mwisho wa mwezi. Mwenye karatasi za mistari mipana aniambie, nitazifuata.