Jedwali la nauli limejaa: nipange safu upya au ninunue diski?

FundiUmoja
Habari wadau. Nahudumia jedwali la nauli za sacco moja hapa Nairobi. Ni PostgreSQL (programu ya hifadhidata), rekodi milioni 40. Safu (columns) zimefuatana hivi: boolean (ndiyo/hapana), bigint (namba nzima kubwa), boolean, timestamptz (tarehe na saa), integer (namba nzima ya kawaida), bigint, zote not null (haziachwi tupu). Diski inakaribia kujaa. Nijenge jedwali upya kwa mpangilio mwingine, au ninunue diski tu?

DadaHifadhidata
Mpangilio huo unakula nafasi kwelikweli. bigint na timestamptz lazima zianze kwenye baiti inayogawanyika kwa 8. Boolean yako ni baiti 1, zinafuata 7 tupu, ndipo bigint ikae. Ya pili vivyo hivyo, na integer inaacha 4. Data ni baiti 30 lakini inakalia 48! Tanguliza za baiti 8, kisha integer, boolean mwisho: inakalia 32, ukihesabu baiti 2 tupu za mwishoni. Ndivyo wanavyopakia pikapu pale soko la Marikiti: magunia ya viazi kwanza, dhania inachomekwa kwenye mianya.

Ongeza kichwa cha rekodi, baiti 24, na kielekezi cha kuonyesha ilipo, 4. Ukurasa (kipande ambamo PostgreSQL huweka rekodi) wa baiti 8,192 ulibeba rekodi 107, sasa 136. Kwako ni kutoka kama GB 3.06 hadi 2.41. Faharasa (index) hazipungui.

KijanaNgongRoad
Hesabu ni sawa, ila PostgreSQL haina amri ya kusogeza safu. Unaunda jedwali jipya na kunakili, yaani unahitaji nafasi ya yote mawili, na diski yako ndiyo hiyo. Sisi tulifanya usiku. Programu moja ilikuwa inaingiza data bila kutaja majina ya safu; asubuhi kiasi cha nauli kilikuwa kwenye namba ya gari. Zote bigint, kwa hiyo hakuna kosa lililoonekana. Pekua kila INSERT (amri ya kuingiza rekodi) kwanza.

Wanjiku_db
Walio kwenye MySQL wasihangaike: InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, haiachi mianya hiyo.

DadaHifadhidata
Kaka, kuna njia ya kati, na ningeichagua: gawanya jedwali kwa sehemu za mwezi mwezi. Sehemu mpya inaruhusiwa mpangilio wake, mradi majina na aina za safu zilingane. Iunde kama jedwali la kawaida, kisha uiunganishe kwa amri ya ATTACH PARTITION. Hilo la sasa liunganishe kama sehemu ya zamani. Ufunguo msingi (primary key) itabidi ubebe na safu ya tarehe.

FundiUmoja
Asante dada. Nimepima kwa pg_column_size (inapima ukubwa kwa baiti): rekodi ya sasa na kichwa chake 72, mpya 54, bila zile 2 tupu za mwishoni. Naanza na sehemu ya mwezi ujao, lakini leo napekua zile INSERT.