Msaragambo wa Jumamosi na Wasabato: faini ni halali?

Katibu wa Boma
Wakuu, mwakeye. Niko kijiji kimoja wilaya ya Kasulu, ni katibu wa kamati ya ujenzi wa shule. Tunapandisha boma la madarasa mawili. Tofali tumefyatua wenyewe, mchanga tunasomba mtoni. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, tuliuweka Jumamosi, maana Ijumaa Waislamu wana swala na Jumapili wengine tuko misani. Sasa tuna kaya kadhaa za Wasabato, na Jumamosi hawashiki koleo. Mtendaji anataka kila asiyetokea alipe elfu kumi. Mgambo wameshabeba jogoo wa mzee mmoja. Mzee huyo Jumatatu alikuja peke yake akasomba mchanga kuliko mimi Mkatoliki niliyepiga soga kivulini Jumamosi nzima. Tunaambiwa serikali yetu haina dini. Je, inaweza kumtoza mtu kwa kushika Sabato? Na tukimsamehe, si kila mtu atajitungia dini ya kukwepa kazi?

Mzee wa Mwanga
Tozeni. Darasa halina dhehebu. Enzi zetu ngoma ya msaragambo ikilia mnatoka wote, hakuna cha Sabato wala cha mafua.

Karani Mstaafu
Mzee, enzi zile hata anayeumwa kweli alitolewa ndani, tusizisifu sana. Tuanze na Katiba. Ibara ya 3 inasema nchi yetu haina dini. Ibara ya 19 inaiacha ibada kuwa hiari ya mtu. Lakini ibara ya 25 nayo haihesabu nguvu kazi ya kujenga jamii kuwa kazi ya shuruti. Kwa hiyo msaragambo ni halali, ugomvi wenu ni siku tu.
Faini ni jambo lingine. Sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iidhinishe. Mwombe mtendaji akuonyeshe. Kama hana, hiyo elfu kumi ni ya nani? Na huyo jogoo kaandikiwa stakabadhi?
Hata Marekani, ambako Katiba inakataza serikali kuanzisha dini tangu 1791, siku zimewasumbua. Mwaka 1961 Wayahudi wenye maduka Philadelphia walilalamika: Jumamosi wanafunga kwa imani, Jumapili wanafungiwa na sheria. Mahakama ya Juu ya Marekani ikawaangusha. Miaka miwili baadaye Msabato wa South Carolina, Adell Sherbert, aliyefukuzwa kiwandani kwa kukataa kazi ya Jumamosi kisha akanyimwa mafao ya wasio na ajira, akashinda. Mahakama ile ile!

Bint Ujiji
Kaka Katibu, usikasirike. Ijumaa mmeiacha kwa sababu yetu, Jumapili kwa sababu yenu. Ikabaki siku ya wachache, mkasema haina mwenyewe. Ofisi za serikali zinafungwa Jumapili nchi nzima na hakuna anayeuliza ni dini ya nani. Huku Ujiji wenye maduka wengi hufunga saa ya swala ya Ijumaa, wakirudi wanafungua, maisha yanaendelea. Huyo mzee hajakwepa kazi, kakwepa siku.

Katibu wa Boma
Dada, hapo umenishika. Nimemuuliza mtendaji hiyo sheria ndogo, anasema faili liko wilayani. Lakini niwaruhusu Jumatatu, nani atasimamia? Mimi nina maharage yangu shambani.

Msabato wa Buhigwe
Shalom. Sisi kwetu tulimaliza kwa ngwe. Kila kaya inapimiwa kazi yake, tofali kadhaa au ndoo kadhaa za mchanga, unafanya siku unayotaka, mwisho Ijumaa kabla jua halijazama. Mjumbe anapita na daftari. Wavivu walionekana haraka, na wengi hawakuwa Wasabato, samahani.

Katibu wa Boma
Mchanga sawa. Siku ya kumwaga lenta je? Zege halilali.

Msabato wa Buhigwe
Wekeni Jumatano. Tutakuja na koleo zetu.